Hisani si Haki: Filamu ya The Interview na Wenye Milango wa Zama Zetu

Utangulizi

Neno "udhibiti" likitajwa katika mijadala yetu ya uhakiki hapa chuoni, fikra za wengi wetu hukimbilia serikalini. Tunamwona ofisa wa bodi ya ukaguzi ameketi mezani na kalamu nyekundu, anakata huku na kule, kisha anapiga mhuri. Picha hiyo ina ukweli wake, na historia ya Afrika ya Mashariki inayo mifano tele ya kuithibitisha. Hata hivyo, naona imechakaa kidogo. Tukiendelea kuitegemea peke yake tutakuwa tunaulinda mlango mmoja wakati kazi za sanaa zinazuiwa kwenye mlango mwingine kabisa.

Katika makala haya nakusudia kuchunguza kisa cha filamu ya Kimarekani iitwayo The Interview, ambayo ilizuiwa na kisha ikatolewa katika muda wa wiki moja tu, Desemba 2014. Nimeichagua kwa sababu kuu moja. Katika kisa chote hakuna serikali yoyote ya Marekani, iwe ya taifa au ya jimbo, iliyoipiga marufuku. Wala hakuna mahakama iliyoifungulia. Walioifunga walikuwa wafanyabiashara, na walioifungua walikuwa wafanyabiashara vilevile. Wengi waliisherehekea siku ilipofunguliwa wakisema uhuru wa kusema umeshinda. Mimi nasema hapana, tusikimbilie vigelegele. Kilichoshinda siku ile ni hisani ya wenye milango, na hisani si haki.

Filamu yenyewe

Tuanze na kazi, kwa sababu kelele za nje zisitufanye tukasahau kuisoma. The Interview iliongozwa na Seth Rogen na Evan Goldberg. Mhusika Dave Skylark (James Franco) ni mtangazaji wa televisheni anayeishi kwa umbeya wa watu mashuhuri. Mtayarishaji wake, Aaron Rapaport (Rogen mwenyewe), ana kiu ya kufanya habari za maana. Wanapata nafasi ya kumhoji Kim Jong-un, kiongozi wa Korea ya Kaskazini, na shirika la ujasusi la CIA linawaomba wamwue kwa sumu. Mambo yanakwenda kombo kama ilivyo ada ya vichekesho, na hatimaye Kim anafia ndani ya helikopta.

Kwa upande wa fani, filamu hii haina makuu. Utani mwingi ni wa chumbani na chooni, na wahakiki wengi hawakuipenda sana. Kwa upande wa maudhui, dhihaka yake inawagonga watu wawili kwa pamoja: mwanahabari wa Kimarekani anayeabudu umaarufu, na mtawala anayeabudiwa kama mungu. Udhaifu mkubwa ninaouona ni kwamba Wakorea wa kawaida wamegeuzwa mapambo ya ukutani, hawana sauti. Anayeepuka hali hiyo ni Sook, ofisa wa kike anayewaeleza wageni kwamba kumwua mtu mmoja hakutabadilisha kitu, kwani atawekwa mwingine. Kwa maoni yake, dawa ni wananchi wamwone mtawala wao kuwa ni binadamu kama wao. Hapo ndipo filamu inaposema neno zito, ingawa neno lenyewe linamezwa haraka na milipuko.

Kumdhihaki mtawala aliye hai si jambo jipya katika sinema. Charlie Chaplin alimdhihaki Hitler katika The Great Dictator mwaka 1940, kabla Marekani haijaingia vitani. Lakini kuna tofauti mbili ambazo mwanafunzi wa historia ya fasihi hana budi kuziona. Kwanza, Chaplin alimpa mhusika wake jina la kubuni, ilhali Rogen na Goldberg walitumia jina halisi. Pili, na kwangu hili ndilo kubwa zaidi, Chaplin aliigharimia filamu yake kwa fedha zake mwenyewe na kuisambaza kupitia United Artists, kampuni aliyoianzisha mwaka 1919 pamoja na wenzake. Kwa maneno mengine, Chaplin alikuwa na mlango wake. Rogen na Goldberg walikuwa wapangaji katika nyumba ya watu.

Filamu ni biashara au ni kauli?

Kabla ya kuingia katika Desemba 2014, turudi nyuma karne moja. Mwaka 1913 jimbo la Ohio lilitunga sheria ya kukagua filamu kabla hazijaonyeshwa. Kampuni ya Mutual Film ikaenda mahakamani. Mwaka 1915 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba kuonyesha filamu ni biashara tu kama biashara nyingine, na kwa hiyo filamu haistahili ulinzi unaopewa magazeti. Uamuzi huo ulidumu kwa miaka 37. Ulibatilishwa mwaka 1952 katika kesi ya Burstyn dhidi ya Wilson, iliyohusu filamu fupi ya Mwitaliano Roberto Rossellini ambayo wakubwa wa New York waliifutia kibali kwa madai kwamba inakufuru dini. Safari hiyo majaji walikiri kwamba filamu ni njia ya kutoa mawazo, hivyo inalindwa na Marekebisho ya Kwanza ya Katiba.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu wengi hulipita mbio. Marekebisho yale yanaifunga mikono serikali. Hayamfungi mfanyabiashara. Mwenye ukumbi wa sinema akikataa filamu yako hajavunja katiba yoyote. Na historia inaonyesha kwamba wafanyabiashara wa Hollywood hawakuhitaji kufundishwa kazi ya ukaguzi. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1968 walikuwa na kanuni zao wenyewe, maarufu kwa jina la Kanuni za Hays, na filamu isiyopata muhuri wa ofisi yao ilikuwa na wakati mgumu kupata ukumbi wa maana. Hadi mwaka 1948, Mahakama ya Juu ilipoamua dhidi ya mfumo huo, makampuni makubwa yaliyotengeneza filamu ndiyo pia yaliyomiliki kumbi nyingi kubwa. Mpishi yeye, mpakuaji yeye, na mwenye ufunguo wa mlango wa jikoni ni yeye.

Kwa hiyo mwaka 1952 filamu ilitangazwa kuwa kauli, lakini haikuacha kuwa bidhaa. Mgongano huo ndio ulioripuka mwaka 2014.

Wiki moja ya Desemba

Mnamo Juni 2014 Korea ya Kaskazini ilitangaza kwamba filamu hii ni kitendo cha vita, na balozi wake akaupelekea Umoja wa Mataifa malalamiko. Filamu ilikuwa itoke Oktoba, ikasogezwa hadi Krismasi. Tarehe 24 Novemba wafanyakazi wa Sony Pictures huko California walifungua kompyuta zao wakakuta picha ya fuvu la kichwa. Wadukuzi waliojiita Walinzi wa Amani walikuwa wameingia, wamefuta, na wameiba. Wakaanza kumwaga mambo hadharani: mishahara ya watu, filamu ambazo hazijatoka, na maelfu ya barua pepe za wakubwa.

Barua hizo ziliwafurahisha wapenda umbeya, ila kwa mhakiki zina thamani ya aina nyingine. Zilionyesha kwamba Kazuo Hirai, mkuu wa Sony nzima aliyekaa Tokyo, alikuwa ameingilia kati akitaka tukio la kifo cha Kim lipunguzwe makali, na watengenezaji wakalipunguza. Yaani kabla mdukuzi yeyote hajabisha hodi, mlango wa kwanza ulikuwa umeshabanwa kidogo kutoka ndani, na mwenye mtaji.

Tarehe 16 Desemba wadukuzi walitoa tishio jipya. Waliwaonya watakaokwenda kuitazama filamu hiyo na kuwakumbusha tarehe 11 Septemba 2001. Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilisema haina taarifa za kuaminika za njama dhidi ya kumbi za sinema. Haikusaidia. Makampuni makubwa ya sinema yakagwaya, moja baada ya jingine, na tarehe 17 Desemba Sony ikafuta maonyesho yote.

Hebu tuwe waadilifu hapa. Ni rahisi kuwaita waoga tukiwa maktaba. Anayekata tiketi mlangoni ni kijana wa mshahara mdogo, na kama bomu lingelipuka angekufa yeye, asingekufa mkurugenzi. Makampuni yalikuwa na sababu. Lakini sababu hizo ni za hesabu ya hasara, kesi na bima, na kwamba watu wengine walitaka kununua vitu vya Krismasi kwa amani katika majengo yaleyale. Uhuru wa kusema haukuwamo katika daftari la hesabu hizo, na hakuna sheria iliyodai uwemo.

Tarehe 19 Desemba shirika la FBI lilitangaza kwamba Korea ya Kaskazini ndiyo iliyohusika, jambo ambalo nchi hiyo ililikana. Siku hiyohiyo Rais Obama alisema Sony imekosea, kwamba haiwezekani dikteta wa nchi nyingine aanze kupanga nini kionyeshwe Marekani. Mkuu wa Sony Pictures, Michael Lynton, alijitetea kwenye televisheni: hawakusalimu amri, kumbi ndizo zilizokataa, na hakuna msambazaji mkubwa wa filamu mtandaoni aliyekuwa tayari kuipokea. Hebu tuitafakari kauli hiyo. Rais wa taifa lenye nguvu kuliko yote anaitaka filamu itoke, mwenye filamu anasema anataka itoke, katiba inairuhusu itoke, na bado haitoki. Imekosa nyumba.

Nyumba ikapatikana tarehe 24 Desemba. Google iliiweka YouTube na katika duka lake la Google Play, Microsoft ikaiweka katika huduma yake ya Xbox Video, na Sony ikafungua tovuti maalumu ambayo malipo yake yalipitia kampuni ya Stripe. Kuikodi kulikuwa dola 5.99, na kuinunua dola 14.99. Kesho yake kumbi 331, nyingi zikiwa za watu binafsi, ziliionyesha pia. Apple ilijiunga tarehe 28, wenzake walipokuwa wameshapima kina cha maji.

Matokeo yalishangaza. Katika siku nne za kwanza filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 15 mtandaoni, na dola milioni 2.8 tu kumbini. Hadi kufikia karibu mwisho wa Januari 2015 mapato ya mtandaoni yalifika dola milioni 40, karibu na gharama ya kuitengeneza, ambayo ilikuwa kiasi cha dola milioni 44 bila kuhesabu matangazo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Filamu hii ya wastani ilitembezwa na wadukuzi, ikatembezwa na Rais, mpaka watu wakaona kuitazama ni wajibu wa kizalendo.

Mwenye mlango yuleyule

Google ilisifiwa sana kwa kitendo kile, na sitaki kuipora sifa yake, kwa sababu ilijiweka mbele ya watu ambao walikuwa wameonyesha wanaweza kuangamiza kampuni nzima. Lakini mwanahistoria hamwamini mtu kwa tendo moja. Turudi nyuma miaka miwili.

Septemba 2012, video ya dakika chache iitwayo Innocence of Muslims, iliyomtukana Mtume Muhammad, ilisambaa kupitia YouTube na kuzua maandamano na vifo katika nchi kadhaa. Ikulu ya Marekani iliiomba Google iangalie kama video ile imevunja kanuni za YouTube. Google ikajibu kwamba haijavunja, haiondoi. Lakini huku ikisema hivyo, ilikuwa imeshaizuia Misri na Libya kwa uamuzi wake yenyewe, kwa kuona hali ya huko ni mbaya. India na Indonesia iliizuia kwa kufuata sheria za nchi hizo. Pakistan nayo iliifunga YouTube nzima, ikabaki imefungwa hadi Januari 2016. Kisha mwigizaji mmoja aliyedanganywa, ambaye maneno yake yalibadilishwa katika video ile, akaenda mahakamani kudai hakimiliki ya sehemu yake. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ikaiamuru Google iiondoe, na Mei 2015 jopo kubwa zaidi la mahakama hiyohiyo likabatilisha amri hiyo.

Sizilinganishi kazi hizi mbili. Kumcheka mtawala aliye madarakani ni jambo moja, kutukana imani ya watu ni jambo jingine, na msomaji mwenye dini yake ana haki ya kuona uchungu. Ninachotaka tukione ni mahali uamuzi unapokaa. Mmisri alinyimwa, Mmarekani akaruhusiwa, na aliyepanga hivyo hakuchaguliwa na Mmisri wala na Mmarekani. Labda aliamua kwa busara. Labda aliokoa maisha ya watu. Lakini nani alimhoji? Kwa kikao gani? Mwenye nyumba mwema bado ni mwenye nyumba, na siku akiamka vibaya mpangaji hana pa kukata rufaa.

Na sisi je?

Kuna atakayeuliza, haya ya Wamarekani yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana, kwa sababu vijana wetu wengi wanaotengeneza filamu fupi leo wanaziweka kwenye mlango uleule wa YouTube.

Tuchukue mfano wa Kenya. Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya nchi hiyo iliipiga marufuku filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, inayohusu mapenzi ya wasichana wawili, na iliyotokana na hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia katika tamasha hilo. Kahiu alikwenda mahakamani, na Septemba 2018 Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku kwa siku 7 ili filamu ipate sifa ya kushindania tuzo ya Oscar. Watu wakajaa kumbini Nairobi. Mwaka 2020 mahakama hiyo ikaikataa kesi yake.

Unaweza kuiunga mkono filamu hiyo au kuipinga; hapa chuoni najua tumegawanyika. Lakini angalia umbo la kisa. Bodi ina jina, ina anwani, inafuata sheria iliyoandikwa, na inatoa sababu. Msanii alijua amshtaki nani, na jaji akalazimika kusikiliza. Siku zile 7 zilikuwa chache, ila zilikuwa haki iliyodaiwa na kutolewa mbele ya watu. Rogen na Goldberg, katika nchi inayojisifu kwa uhuru, hawakuwa na wa kumshtaki. Walingoja tu wenye milango wabadili mawazo.

Sisemi kwamba bodi za serikali ni bora. Tanzania tunayo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui Mtandaoni ambazo, kabla hazijarekebishwa miaka iliyofuata, zilimtaka mwenye blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza. Mwanafunzi gani angezipata? Msanii wetu basi ana milango miwili ya kupita, wa serikali na wa kampuni ya mbali isiyojua hata Kiswahili chake vizuri.

Atatokea wa kusema kwamba mchapishaji naye hukataa miswada kila siku, na hatumwiti mdhibiti. Ni hoja nzuri. Lakini mchapishaji mmoja akikataa, kuna wengine, na wote wakikataa mwandishi anaweza kupiga chapa mwenyewe na kugawa mkononi. Filamu ya kisasa inahitaji mahali pa kuwekwa, njia ya kulipiwa na watu wa kuielekeza kwa watazamaji, na vyote hivyo vimo mikononi mwa makampuni machache mno. Desemba 2014 hata baada ya Sony kuwa na tovuti yake, ilihitaji Stripe ikubali kupokea fedha. Sony, jamani, yenye mabilioni! Seuze kijana wa Manzese mwenye kamera ya kuazima.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kisa cha The Interview hakithibitishi ushindi wa uhuru wa kusema. Kinathibitisha kwamba filamu, iliyotambuliwa kuwa kauli mwaka 1952, bado inasafiri kama bidhaa ya mwaka 1915, na anayeibeba ndiye anayeamua ifike wapi.

Kwa hiyo, napendekeza mambo mawili kwa wenzangu. Katika uhakiki, tusiishie kwenye fani na maudhui; tuulize pia kazi imepita milango ya nani, na ilikatwa nini ili ipite. Na katika vitendo, maktaba ya chuo ianze kuhifadhi nakala za filamu za wanafunzi na wasanii wa hapa kwetu, na ukumbi wetu uzionyeshe, bila kungoja kampuni yoyote. Haitakuwa United Artists, najua. Lakini utakuwa mlango ambao ufunguo wake tunao, na ambao mtu akifungiwa anajua ofisi ya kwenda kugonga meza. Walimu wetu na wasomaji wengine nawaachia mjadala.